Tikiti Kwenye Mizani ya Watoto

Nilivaa kofia ya uuguzi kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika hospitali ndogo ya Changamwe, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimejifungia chooni nalia. Nawaambieni haya nyinyi vijana mnaoanza kazi, msije mkadhani sisi tulizaliwa na roho ngumu. Sare yangu niliitia wanga mwingi hata ukosi ukawa unanikata shingo. Mama yangu kule Likoni alinifukiza udi asubuhi ile kama bibi harusi, akanisindikiza mpaka njiani.

Sista wa zamu, yaani muuguzi anayeamrisha chumba kwa saa zake, alinitazama toka juu mpaka chini akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Umependeza, Mishi. Sasa sikiliza. Katika chumba cha majeruhi hatukimbii wala hatusimami. Tunatembea upesi."

Sikupata hata muda wa kujifunza kutembea upesi. Waliletwa majeruhi wa teksi iliyobonyea mbele, wakitokea Mikindani. Lori la makontena lililotoka bandari ya Kipevu lilikuwa limekwama katikati ya barabara, na teksi ikaligonga kwa nyuma. Dereva hakuwa akienda kasi. Aliumia goti tu. Mwanamke aliyekaa mbele kando yake, Zuhura jina lake, msichana wa Likoni aliyeolewa juzijuzi, hakuwa na jeraha la maana, kwa kuwa alikuwa amefunga mkanda kama sheria ilivyotaka. Mtoto wake wa kiume, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa, alikuwa amempakata. Mtoto yule hakufika hospitalini akiwa hai.

Nikasimama pale na bakuli la pamba mkononi, na jambo moja likanishangaza hata nikasahau kuogopa. Sheria ilimshika mama. Mtoto hakushikwa na kitu ila mikono.

Sajini wa trafiki alikuja kuandika taarifa. Alikuwa mtu wa bara, mpole kwa sauti, lakini kazi yake ilikuwa kuuliza. "Mama, ulikuwa umemshika mtoto?"

"Nalimshika," Zuhura akasema, kwa Kimvita chetu. "Wallahi nalimshika." Akaikunja mikono kifuani kuonyesha alivyomshika, na mikono ile haikuwa na kitu. Akarudia maneno yale mpaka sauti ikakauka.

Kisha akafika mavyaa wake, mama wa mumewe, Bi Rehema. Alikuwa mwanamke wa kuheshimika kule Likoni, kungwi wa maharusi, asiyekosa kwenye uzazi wala msiba. Aliufunua uso wa mjukuu wake, akaufunika tena, akamgeukia Zuhura. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mwana hushikwa kwa moyo," akamwambia. "Wewe hukumshika."

Ndipo mimi nikaenda chooni.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa kliniki ya mama na mtoto ya Likoni, nyumbani kwetu, chini ya Metroni. Metroni ni msimamizi wa wauguzi wote wa kituo. Huyu wetu alikuwa mama wa Kirabai, Mkristo wa dini yake kweli, mfupi, mwenye macho yaliyoona vumbi juu ya kabati bila ya yeye kupanda kiti. Alikuwa amepata kusomea ng'ambo, na alichokiona huko kilichomshangaza kuliko barafu, alitwambia, ni watoto wachanga kufungwa kwenye viti vyao wenyewe ndani ya gari.

Kazi ya kliniki niliipenda. Asubuhi tulipima watoto kwa mizani ya kuning'inia, ile iliyofungwa kwenye boriti na chini yake suruali ya turubai yenye matundu mawili ya miguu. Mtoto anavalishwa, anainuliwa, analia, mshale unazunguka, nasi tunatia nukta kwenye kadi yake. Nukta zikipanda, mama anatabasamu. Zikilala, tunamwita pembeni. Niliwatazama watoto wale wakining'inia mmoja baada ya mwingine na kila mara nikasema moyoni subhanallah, kiumbe mwepesi hivi na nyumba nzima inamzunguka.

Zuhura alikaa nyuma ya kliniki, kwa hiyo nilimwona karibu kila siku. Alikuwa ameapa kutopanda gari. Harusi ya Mtongwe alikwenda kwa miguu, msiba wa Mikindani alivuka feri akatembea kisiwa kizima na kupita mbele, akafika maziko yamekwisha. Ulimi hauna mfupa, na wa Likoni ndio kabisa. "Lisemwalo lipo," walisema, na lisemwalo lilikuwa kwamba alipitiwa na usingizi, au alikuwa akipiga soga na dereva, au mikono yake ni myepesi tu, kuna wanawake wameumbwa hivyo.

Lililoniuma zaidi ni hili. Kwetu Pwani, penye wanawake wengi, mtoto mchanga hazuiliwi na mamake. Hupitishwa paja kwa paja, kila mmoja ampakate, amnuse, amwombee, ampe mwenzake. Nilimwona Zuhura kwenye karamu akiketi mkekani na wenzake, mtoto akija mkono kwa mkono, na alipofika kwa jirani yake akavushwa juu kwa juu, akapewa wa upande wa pili. Zuhura akainama akajitia kutengeneza leso yake. Mumewe, Salimu, kuli wa bandarini, mtu wa vifua viwili kwa nguvu, hakumwacha, lakini pia hakuwahi kumtetea mbele ya mama yake.

Viti vya watoto vilianza kutufikia kwa njia ya ajabu. Magari yaliyokwisha kutumiwa ng'ambo yalikuwa yakishuka bandarini kwa wingi, na mengine yalikuja na viti hivyo nyuma, vimesahauliwa. Walioyatoa magari hawakujua ni nini. Wakavitupa, au wakavigawa. Kiti cha kwanza nilichokiona mimi kilikuwa Changamwe, uani kwa wakala mmoja wa mizigo, na ndani yake alikuwa amelala kuku ameatamia mayai. Nilikuwa nimefuatana na Metroni kwenda kuchanja. Akasimama ghafla, akajishika kifua.

"Mishi, unajua kuku yule amekalia nini?"

"Mayai, Metroni."

"Amekalia roho ya mtoto wa mtu."

Alimngoja yule kuku aangue, wallahi siongezi chumvi, kisha akarudi kukichukua kile kiti. Tukakisugua kwa sabuni ya klorini siku mbili. Baada ya hapo alimwandama kila wakala wa Kipevu mpaka tukapata vichache. Vilivyopasuka alivitupa, hata viwe vizuri vya kupendeza. "Kilichokwisha kugongwa kimekwisha kufanya kazi yake," alisema.

Sajini wa trafiki naye alikuwa amepanda cheo, sasa ni Inspekta, na kizuizi chake kilikuwa kwenye barabara kuu upande wa Mikindani. Siku moja alikuja ofisini kwetu, nami nikawaandalia chai. Mabishano yao nayakumbuka kama ya jana.

"Metroni, unajichosha," Inspekta alisema. "Watu hawasikii mawaidha. Wanasikia faini."

"Na faini yako wanaisikia mpaka wapi?"

Inspekta akacheka, maana alikuwa mkweli. Alitwambia jinsi madereva wanavyouvuta mkanda wakimwona askari, wakaulaza begani bila kuufunga, wakapiga saluti, na wakishapita kona mkanda unaruka. Na hiyo ilikuwa sheria ya watu wazima wa viti vya mbele. Kuhusu mtoto, alisema, hakuwa na kifungu cha kushika.

"Basi ukipata kifungu, utakiweka kwa mama na kitamshika mpaka kona," Metroni akasema.

"Na mawaidha yako wewe yanamshika mpaka mlango wa kliniki. Akikataa, utamfanya nini?"

Walitazamana wakanywa chai. Mimi nikaona wote wawili wamesema kweli, na kwamba wote wawili walikuwa wakimfikiria mtu mmoja. Inspekta hakuwa amesahau mwanamke yule aliyekunja mikono mitupu kifuani.

Tukaanza na mawaidha. Tulikosea pa kuanzia. Tuliwaambia akina mama, na wenye neno walikuwa mabibi wa watoto.

Mila yetu ni kwamba mtoto akizaliwa hukaa ndani arubaini. Mara nyingi mwanamke huzalia kwa mama yake, na arubaini ikitimia hurudishwa kwa mumewe kwa gari, kwa vigelegele. Siku hiyo mama wa mume hukaa mbele kando ya dereva, amempakata mjukuu, na mtaa mzima unamwona. Kwa mwanamke mkubwa hiyo ni heshima isiyo na mfano. Sasa aje Nesi Mishi, mtoto wa juzi, amwambie kaa nyuma bibi, na mjukuu wako tumfunge kwenye plastiki! Bi Rehema alisimama mbele ya baraza zima la kliniki akasema, "Mwana ana mama, ana bibi, ana shangazi. Hatiwi kwenye kiti kama mkungu wa ndizi."

Wakacheka hata watoto wakaamka.

Na waliokubali walikubali kwa namna yetu. Familia moja iliazima kiti kwa ajili ya arubaini, nasi tukafurahi. Metroni akatoka mpaka langoni kuwaaga, akachungulia ndani ya gari, akaweka mkono juu ya paa ili dereva asiondoke. Mtoto alikuwa amezongwa leso tatu na shali ya sufu, miguu imenyooshwa pamoja, mikono ndani, kama tunavyowafunga watoto wachanga ili wasishtuke na upepo usiwapige. Mikanda ya kiti imepitishwa juu ya furushi lote. Ule unaopita katikati ya miguu haukuwa na pa kupita, wakaukalia. Metroni akamvuta mtoto kidogo tu kwa mbele, naye akateleza akatoka chini ya mikanda kama mhogo unaotoka kwenye ganda.

Hakuwafokea. Alimfungua mtoto, akamkalisha na kanzu yake nyembamba, akaifunga mikanda ikalala mwilini, akaingiza vidole kuona kama imekaza, kisha leso zote tatu akazitandaza juu. "Kwanza mikanda, halafu leso," alisema. Neno hilo tuliliandika ukutani kwa rangi ya buluu.

Lakini viti vingi viliendelea kukaa stoo. Ndipo Zuhura akapata mimba.

Alinijia jikoni mwa kliniki, mahali tulipochemshia sindano, tumbo lishaanza kuonekana. "Shikamoo, Nesi," akasema, ingawa hatukupitana sana umri. Cheo changu ndicho alichokiamkia. Kisha akasema upesi, kama aliyeyakariri njiani: "Mavyaa amesema mtoto akizaliwa atalelewa kwake. Mimi ninyonyeshe tu. Asema sitaaminiwa mara ya pili. Na Salimu amenyamaza."

"Na wewe wasemaje?"

"Mimi sijui, Nesi. Nimeambiwa miaka mingi kwamba sikumshika, hata mimi mwenyewe sasa sijui kama nalimshika."

Nikazima stovu. Nilimpeleka moja kwa moja kwa Metroni, na Metroni aliposikia alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Halafu akamtuma mtu kwa Inspekta.

Kilichojengwa uani mwetu ni mkokoteni. Fundi wa gereji wa karibu alifunga juu yake kiti cha mbele cha teksi iliyokufa, na mkanda wake, na mbele ya kiti akasimamisha ubao mahali pa deshibodi. Uwanja wa kliniki una mteremko kuelekea ukutani. Inspekta akaleta matairi mabovu, tukayapanga ukutani. Mkokoteni ukiachiliwa juu unateremka kwa mwendo wa mtu anayekimbilia feri, si zaidi, kisha unasimama kwa matairi. Inspekta alijaribu wa kwanza, kafunga mkanda, kakaa wima kama yuko gwarideni. Kofia yake ilivuka ukuta.

Siku ya maonyesho walikuja watu wengi kuliko wa chanjo. Metroni alileta matikiti maji mawili yaliyolingana. La kwanza alilivalisha ile suruali ya mizani, akaliinua, likaning'inia na miguu mitupu ya turubai, na wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akauliza tikiti hilo limepata chanjo ya surua au bado. Mshale ukasimama kwenye kilo saba. "Mtoto wa umri wa kukaa," Metroni akasema, na kicheko kikapungua, maana kila mtu alijua ni mtoto gani wa umri wa kukaa.

Zuhura alikuwa ameketi nyuma kabisa, mikono ndani ya leso.

"Naomba mtu alipakate," Metroni akasema. "Alishike apendavyo, kwa nguvu zake zote."

Bi Rehema akasimama. Buibui lake lilikuwa limepigwa pasi, sauti yake imetulia. "Nesi, nyinyi mwataka kumpa mwanamke wa mkono dhaifu kisha mtwambie watu hawashiki. Mpeni mwanangu. Salimu yuwabeba magunia ya kahawa Kipevu tangu hajaota ndevu. Akishika, kimeshikwa."

Nilielewa alichokuwa akikitafuta, na wote pale walielewa. Salimu akilizuia tikiti lile, basi mtoto aliweza kuzuiwa, na mkosa ni mmoja tu, na mjukuu anayekuja atalelewa kwa bibi yake. Nilimtazama Metroni, nikitumaini atakataa. Akasema, "Karibu, Salimu."

Salimu akakunja mikono ya shati mpaka mabegani, vijana wa bandarini wakampigia miluzi. Akafungwa mkanda. Akapewa tikiti, akalizungushia mikono yote miwili, vidole kavipitanisha mbele, kidevu kakiweka juu. Mishipa ilimsimama shingoni. Hakuwa akifanya mzaha. Mtu yule alishika kama anayeshika mwanawe.

Inspekta akauachilia mkokoteni.

Magurudumu yalinguruma kwenye kokoto, ukateremka, ukagonga matairi. Ni hivyo tu. Hakuna aliyeiona ile nukta yenyewe. Tuliona Salimu ameinama mbele, mikono imefunguka, na ubaoni kuna wekundu unaochuruzika, na mbegu nyeusi zimetapakaa mpaka miguuni pa waliokaa mbele.

Hapana aliyecheka. Nilisikia honi ya feri ng'ambo ya miti.

Salimu alikuwa akiitazama mikono yake. Aliigeuza, akaangalia viganja, akaigeuza tena. Kisha akamtafuta mama yake kwa macho, na kuli yule wa vifua viwili akasema kwa sauti ya mtoto:

"Mama, nalilishika. Wallahi nalilishika."

Maneno yale nilikuwa nimeyasikia mara moja tu kabla ya hapo, siku yangu ya kwanza kazini. Niligeuka nikamwona Inspekta naye ameyatambua, maana aliivua kofia yake.

Metroni hakungoja. Alifuta ubao, akafunga kiti cha mtoto juu ya kile kiti, akaliweka tikiti la pili, akakaza mikanda. Mkokoteni ukapandishwa, ukaachiliwa, ukagonga. Tikiti likabaki palepale limekaa, kijani, zima, limetulia kama mgeni aliyekaribishwa vizuri. Nimeona mengi katika kazi hii. Nimepokea watoto waliozaliwa kimya wakapata pumzi mikononi mwangu. Lakini utulivu wa tunda lile sijausahau, na hata sasa nikiukumbuka nashangaa kwamba vipande vichache vya utepe viliweza kufanya ambalo mapenzi na nguvu za mwanamume yule hazikuweza.

Bi Rehema alikuwa bado amesimama. Akaanza kwenda nyuma, kati ya watu, nao wakampisha. Akafika mbele ya Zuhura. Zuhura akainuka haraka kwa adabu, tumbo likimlemea, akanyoosha mkono ili ambusu mavyaa wake mkono, kwa kuwa kwetu mdogo ndiye ambusuye mkubwa. Bi Rehema hakumpa mkono. Aliishika ile mikono ya Zuhura, yote miwili, akaigeuza, akavibusu viganja. Kimoja, kisha cha pili.

"Ulimshika, mwanangu," akasema. "Ulimshika, nami nimekuzulia miaka yote hii. Nisamehe."

Ndipo Zuhura akalia, na nikajua ni kilio alichokizuia tangu siku ile ya Changamwe.

Mtoto alizaliwa, msichana, akaitwa Rehema. Arubaini ilipotimia mtaa ulijaa kuona Bi Rehema atafanya nini. Alitoka na udi wake na marashi yake, akamchukua mjukuu kwa mama yake, akampakata barazani mbele za watu wote muda aliotaka. Kisha akainuka, akaenda kwenye gari, akamkalisha mtoto kitini mwake, nyuma ya gari, akafunga mikanda mwenyewe, akaingiza vidole viwili chini yake kama alivyomwona Metroni, akatandaza leso juu. Vigelegele vilipigwa kuanzia hapo. Heshima ya bibi ilitoka pajani ikahamia kwenye vidole, na tangu siku ile kila bibi wa Likoni alitaka vidole vyake vionekane. Viti vya stoo vikawa havitoshi. Zuhura aliingia garini bila kusitasita, kwa mara ya kwanza tangu ile teksi.

Inspekta naye alibadilika, ingawa asingekubali kuambiwa. Akiona mtoto amepakatwa mbele kizuizini, hakuwa na kifungu, lakini alikuwa na sare na sauti. Aliwateremsha, akawahamishia nyuma, akawauliza, "Mnaijua kliniki ya Likoni, penye tikiti?" Walikuja kwetu wengine kutoka mbali kwa swali hilo tu. Metroni alisema sasa ndiyo mawaidha yake yamepata miguu.

Mimi nikahamishwa Kisauni, nikawa sista msimamizi, mkokoteni nikauchukua. Nikawafundisha wauguzi wangu mambo hayo pamoja na chanjo na uji wa lishe. Si kila mtu alisikia. Wengi hawakuwa na gari, na wa teksi hawakuwa na pa kukiweka kiti, na hili sikuwahi kulipatia dawa. Mpaka miaka ya tisini inaishia nami nakabidhi funguo, sikuwahi kukutana na dereva aliyetozwa faini kwa kukosa kiti cha mtoto. Nyinyi mnaofuata, itafuteni sheria hiyo kwa nguvu. Sheria inamkuta mtu asiyekuja kliniki. Lakini mkiipata, msiiache peke yake barabarani, maana itaishia kona. Tafuteni bibi wa mtaa ni nani, mkaanzie kwake.

Siku ya kuniaga tulikaa mkekani uani mwa kliniki ya Kisauni. Metroni alikuja, kastaafu zamani, bado anaona vumbi. Zuhura alikuja na wanawe, yule Rehema mdogo ashaingia shule, na wa mwisho, mvulana wa umri wa kukaa. Mvulana akapitishwa paja kwa paja, kama desturi, akanuswa, akaombewa. Watoto wa wengine nao wakapita. Nilimtazama Zuhura. Kila mtoto aliyekuja upande ule alitua kwake, na mmoja, wa muuguzi wangu mgeni asiyejua habari hata moja ya haya, alilala pale pale pajani pake asitake kutoka.

Jioni Rehema mdogo alitangulia na Metroni, nami wakanipa lifti, Salimu akiendesha. Bi Rehema, mzee sasa, mgongo umepinda, aliomba asaidiwe kufika kwenye mlango wa nyuma. Alimfunga mvulana mikanda. Akaingiza vidole viwili. Akaingia kwa taabu akaketi upande mmoja wa kiti cha mtoto, na Zuhura upande wa pili.

"Haya, Salimu," akasema. "Amekwisha kushikwa."

Gari likaondoka. Nilikuwa mbele, nikageuka kuwaangalia. Zuhura alikuwa akitazama dirishani, akitazama malori yakitupita, na mikono yake ilikuwa imelala juu ya mapaja, mitupu, haina kazi.